Ulyankulu na masharti ya kuwa Mtanzania

Mgeni anayeomba uraia wa Tanzania kwa njia ya tajnisi hupimwa kwa masharti ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa nchini jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza vya kutosha. Awe na tabia njema, awe amechangia na anaweza kuendelea kuchangia maendeleo ya taifa, na akusudie kubaki hapa. Mwisho aukane uraia wa kwao, kwa sababu mtu mzima haruhusiwi kuwa raia wa nchi mbili. Anayeamua ni Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, naye halazimiki kueleza sababu za kukubali wala za kukataa.

Sheria hiyo ni fupi ukiilinganisha na za Ulaya, ambako katika miaka 20 iliyopita kanuni za kuingia, kukaa na kuwa raia zimekazwa na kuongezewa mitihani ya lugha, historia na maadili. Sheria ya Tanzania haina mtihani wa maswali ya kuchagua, wala haitaji utamaduni ambao mgeni lazima aufuate. Hata hivyo, hoja inayoyagombanisha mabunge mengi ya Ulaya, yaani mgeni afanye nini ndipo ahesabiwe mwenyeji, imewahi kufikishwa hadi mwisho wake katika misitu ya miyombo ya magharibi mwa Tanzania. Wakimbizi wa Burundi zaidi ya 162,000 walikubaliwa uraia kwa mkupuo mmoja, kisha wakaambiwa bado kuna sharti moja: wahame. Makazi yao yalikuwa matatu: Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo katika mkoa ambao leo ni Katavi.

Wakimbizi hao hawakuwa wageni wa kwanza katika nchi hiyo ya magharibi. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, safari ya kilomita zipatazo 1,200, ilipita Unyanyembe, na katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa pwani walikuwa wamekwisha kujenga tembe zao Kazeh na Kwihara, penye mji wa Tabora wa leo. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Novemba 1857 walikaribishwa na Snay bin Amir, Mwarabu aliyekuwa na maskani na ghala zake hapo. Mgeni wa wakati ule alikuwa na kanuni zake za kufuata. Aliyepita katika nchi ya mtemi alitoa hongo, ambayo ililipwa kwa vitambaa vya merikani na kaniki, ushanga au masango. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alitangulia na msafara ukasimama mpakani mpaka mashauri yaishe. Ugogoni mashauri hayo yaliweza kula siku kadhaa, na wasafiri wa Kizungu wamejaza kurasa nyingi kwa manung'uniko juu yake, kana kwamba nchi zao zilikuwa hazina forodha.

Aliyetaka kukaa alihitaji zaidi ya hongo. Waarabu wa Unyanyembe walikaa kwa idhini ya watemi, na uhusiano ulikuwa mzuri maadamu mtemi hakugusa biashara yao. Mnwa Sele alipoutwaa utemi karibu na mwaka 1860 akataka kodi kwa bidhaa zao, walimpinga kwa silaha, wakamfukuza na kumsimika Mkasiwa mahali pake. Mnwa Sele alipigana nao akiwa mkimbizi katika nchi yake mwenyewe hadi alipouawa mwaka 1865. Mwaka 1871 ikawa zamu ya Mirambo wa Urambo, ambaye Ulyankulu ilikuwa ndani ya dola lake. Alifunga njia ya Ujiji, akapigana na Waarabu wa Tabora kwa miaka kadhaa, na vita hivyo kwa sehemu kubwa vilihusu nani mwenye haki ya kupitisha watu na mali, na kwa malipo gani.

Kulikuwa pia na njia za kumfanya mgeni awe mtu wa nyumbani. Undugu wa kuchanjana ulikuwa mojawapo: Aprili 1876 Mirambo mwenyewe alichanjana na msafiri Stanley, ambaye miaka 5 kabla alikuwa amepigana upande wa Waarabu dhidi yake. Utani ni njia nyingine. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, ambao hadi leo huonekana misibani mtani anapozuia jeneza na kudai chake, unahusishwa na miaka ambayo wapagazi wa bara waliishi pwani kwa miezi wakisubiri mizigo, wakihitaji watu wa kuwazika na kuwasitiri. Wangoni waliofika kaskazini mwa Unyamwezi kwa vita nao wakawa watani. Isidhaniwe kwamba enzi hiyo ilikuwa ya heri kwa kila mgeni. Wengi waliofika Tabora kutoka Manyema waliletwa wakiwa watumwa, hawakuulizwa kama wanataka kuishi hapo, na utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika hadi mwaka 1922. Lakini wajukuu wao ni Watabora bila kuandikiwa cheti.

Wakimbizi walioijaza Ulyankulu walitoka Burundi. Aprili 1972, baada ya uasi wa Wahutu kusini mwa nchi hiyo, serikali ya Michel Micombero ilianzisha mauaji yaliyolenga hasa Wahutu waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, askari. Makadirio ya waliouawa ni kati ya 100,000 na 300,000. Walionusurika walivuka Mto Malagarasi na Ziwa Tanganyika kwa maelfu, wakaingia Kigoma. Serikali ya Tanzania haikutaka wakae karibu na mpaka, ikawapeleka ndani ya nchi, kwenye misitu yenye watu wachache na mbung'o wengi. Ulyankulu ilifunguliwa mwaka 1972 na Katumba mwaka uliofuata. Ulyankulu ilipofurika watu na maji kupungua, maelfu walihamishiwa Mishamo, iliyofunguliwa mwaka 1978.

Utaratibu wa makazi hayo ulikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja ulikuwa wa ukarimu ambao ni nadra kuuona leo. Kila kaya ilipewa ardhi ya kulima, na serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) na shirika la Kikristo la TCRS walichimba visima na kujenga barabara, zahanati na shule. Baada ya miaka michache mgawo wa chakula ulikoma kwa kuwa watu walijilisha. Mwaka 1985 UNHCR ilikabidhi makazi kwa serikali, kazi ikihesabiwa kuwa imekwisha. Mahindi, maharage na mihogo ya Katumba ilisafirishwa kwa reli ya Mpanda, ambayo inachepuka kutoka reli ya kati hapo Kaliua. Ulyankulu ilijulikana kwa tumbaku. Anayelijua zao hilo anajua lilivyo na kazi: kitalu cha miche, kuhamisha, kupalilia, kuvunja majani kwa awamu, kisha kuyachoma ndani ya bani, watu wakilala nje usiku kuchochea kuni na kuangalia joto lisizidi wala kupungua. Baada ya hapo ni kupanga madaraja na kupeleka mitumba chama cha msingi kusubiri mnunuzi. Mkimbizi aliyefanya hayo misimu 30 mfululizo alilipa ushuru na makato yale yale aliyolipa mkulima mwenyeji wa Urambo.

Kwa upande wa pili, makazi yalikuwa eneo lililotengwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Wakimbizi ya mwaka 1965. Aliyetawala alikuwa mkuu wa makazi, mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Ndani. Mkimbizi aliyetaka kwenda Tabora mjini, iwe hospitali, sokoni au kwa ndugu, alihitaji kibali chenye jina lake, anakokwenda na siku atakazokaa. Aliyekamatwa bila karatasi hiyo alikuwa na kesi. Kijana aliyezaliwa Ulyankulu mwaka 1975, aliyesoma shule ya msingi kwa mtaala wa Tanzania na kuimba wimbo wa taifa kila asubuhi, alikuwa bado mkimbizi kisheria, kwa kuwa kuzaliwa nchini na wazazi wakimbizi hakukuhesabiwa kumpa uraia.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti miongoni mwa Warundi hao katikati ya miaka ya 1980, na kitabu alichokitoa mwaka 1995 kinastahili kusomwa na kila mbunge anayetunga sheria ya wageni, wa Dodoma au wa Copenhagen. Alilinganisha wakimbizi wa makazi ya Mishamo na wale waliopenya na kuishi mjini Kigoma. Waliotengwa Mishamo walishikilia Uhutu wao na historia ya mateso yao. Walijiona taifa lililo uhamishoni ambalo siku moja litarudi kwao. Wa Kigoma mjini walifanya biashara, wakaoa na kuolewa na wenyeji, wengine wakasilimu, na wengi hawakutaka kabisa kuitwa wakimbizi. Watu walikuwa wale wale, waliokimbia mwaka ule ule. Kilichowatofautisha ni mpaka wa makazi na kile kibali cha kutokea.

Tanzania ilikuwa na mfano wake wa nyuma wa kutatua jambo kama hilo. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere iliamua kuwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000, waliokuwa nchini tangu miaka ya 1960, wakiwemo wa makazi ya Mwese wilayani Mpanda. Kwa Warundi wa 1972 ilibidi kusubiri hadi amani irejee Burundi. Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi pamoja na UNHCR ziliwahesabu watu wa makazi yale matatu, wapatao 218,000, na kuwauliza wanataka nini. Takriban mmoja kati ya watano alichagua kurudi Burundi, na zaidi ya 50,000 wakarudishwa. Wanne kati ya watano walitaka kubaki na kuwa Watanzania. Ada ya maombi ilipunguzwa sana na UNHCR ikailipa. Kufikia mwaka 2010 maombi zaidi ya 162,000 yalikuwa yamekubaliwa. Wakati huo hapakuwa na nchi nyingine iliyowahi kukubali wakimbizi wengi kiasi hicho kuwa raia kwa uamuzi mmoja.

Cheti ndicho kilichokwama. Mpango wa serikali ulikuwa kwamba raia wapya waondoke kwenye makazi, makazi yafungwe, na wao wasambazwe katika mikoa 16 ya Tanzania Bara ili wachanganyike na Watanzania wengine. Hoja yake ilikuwa na mantiki. Watu wa asili moja waliokaa pamoja mahali pamoja kwa miaka karibu 40, serikali ikahofia, wangebaki kuwa Burundi ndogo ndani ya Tanzania, na misitu iliyowahifadhi ilikuwa inaisha. Lakini ni serikali hiyo hiyo iliyowaweka pamoja na kuwakataza kutoka. Tena kumhamisha mkulima wa tumbaku mwenye bani, miembe na makaburi ya wazazi wake, umpeleke mkoa ambao hajui atalima wapi, ni kumrudisha mwaka 1972. Baadhi ya wilaya za kupokea hazikuwa tayari, fedha za wafadhili hazikutosha, na mwaka 2011 zoezi likasimamishwa. Waombaji walikuwa wamekwisha kuukana uraia wa Burundi, na mkononi hawakuwa na karatasi ya Tanzania. Kwa miaka 3 walikaa hivyo, ujenzi wa nyumba mpya umezuiwa na huduma zikififia kwa kuwa makazi yalikuwa ya kufungwa.

Oktoba 2014 sharti la kuhama liliondolewa. Rais Jakaya Kikwete alizindua ugawaji wa vyeti, na raia wapya wakaruhusiwa kubaki walipo au kwenda watakako, kama Mtanzania yeyote. Mwaka uliofuata walipiga kura katika uchaguzi mkuu. Baadhi wamehamia Tabora mjini, Mpanda na kwingineko kufuata biashara na masomo bila mpango wa mtu yeyote. Wengi wamebaki shambani.

Wazo lile la kuwatawanya watu ili wafanane na wengine halikuzaliwa Dodoma, wala halikufia Ulyankulu. Denmark ililiingiza katika sheria mwaka 2018. Mtaa wa nyumba za umma wenye wakazi zaidi ya 1,000, ambao zaidi ya nusu yao wana asili ya nchi zinazoitwa zisizo za Magharibi, na wenye kasoro za ajira, elimu, kipato au uhalifu, huwekwa kwenye orodha maalumu. Ukikaa humo miaka mfululizo, nyumba za umma za familia lazima zipunguzwe hadi asilimia 40, kwa kuuza, kubomoa au kubadili matumizi, na wapangaji wanahamishwa. Mjølnerparken mjini Copenhagen, ambako wapo pia wenye asili ya Somalia, ni mfano unaotajwa sana. Mtoto wa mtaa wa aina hiyo, akifikisha mwaka 1, anatakiwa kupelekwa kituo cha malezi saa 25 kwa wiki, ajifunze Kidenishi na desturi za nchi, Krismasi na Pasaka zikiwemo. Mzazi anayekataa anaweza kukatwa posho ya mtoto. Tangu Januari 2019 anayepokea uraia wa nchi hiyo hupeana mkono na mwakilishi wa serikali za mitaa katika sherehe, sharti ambalo kila mtu alielewa linawalenga Waislamu wasiopeana mikono na watu wa jinsia nyingine. Kabla ya kufika hapo awe amekaa kwa kawaida miaka 9.

Uholanzi imeusogeza mtihani hadi nje ya mipaka yake. Tangu mwaka 2006 mwanamke wa Tabora aliyeolewa na mtu anayeishi Uholanzi hana budi kufanya mtihani wa msingi wa Kiholanzi na wa maisha ya nchi hiyo katika ubalozi, kabla hajapewa ruhusa ya kumfuata mumewe. Mmarekani, Mkanada na Mjapani wamesamehewa, na ni vigumu kuona kwa nini Mjapani ahesabiwe kuwa karibu zaidi na utamaduni wa Kiholanzi. Ujerumani ilianzisha mwaka 2005 kozi ya utangamano ambayo leo kwa kawaida ina saa 600 za lugha na saa 100 za sheria, historia na jamii. Kati ya masharti yote ya Ulaya hili ndilo lenye faida ya wazi kwa mgeni, kwa kuwa serikali inagharamia sehemu kubwa ya kumfundisha kabla ya kumpima. Uingereza inauliza maswali 24 katika dakika 45 na kutaka majibu 18 sahihi, na Mei 2025 ilitangaza kusudio la kuongeza muda wa kusubiri ukaazi wa kudumu kutoka miaka 5 hadi 10 kwa wahamiaji walio wengi. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2024 mkataba mpya wa uhamiaji na hifadhi, unaoharakisha maamuzi mpakani na kurahisisha kuwarudisha waliokataliwa.

Ulaya hiyo hiyo iliwahi kupeleka wakimbizi wake Tanganyika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wapoland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliwekwa Tengeru karibu na Arusha, na wengine Ifunda, Kidugala na Kondoa. Walikuwa na makanisa yao, mashamba yao na shule zilizofundisha kwa Kipolandi.

Tanzania yenyewe haikubaki ilivyokuwa enzi za Ulyankulu. Baada ya Rwanda na Burundi kuwaka tena miaka ya 1990, ilifunga mpaka wake na Burundi Machi 1995, na mwishoni mwa 1996 ikawarudisha Wanyarwanda kwa mamia ya maelfu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliweka mkazo kwenye kambi. Wapya hawakupewa tena mashamba kama Warundi wa 1972. Waliwekwa Nyarugusu, Nduta na Mtendeli mkoani Kigoma, wakitegemea mgao. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwaondoa maelfu waliohesabiwa wahamiaji haramu Kagera, Kigoma na Geita, wakiwemo waliokuwa wameishi vijijini kwa miongo na kuzaa hapo. Januari 2017 serikali iliacha kuwapokea Warundi kwa pamoja na kuanza kumpima mmoja mmoja, na Februari 2018 ikajitoa katika mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwashirikisha wakimbizi katika maendeleo ya nchi zinazowapokea, ikitaja usalama na ukosefu wa fedha. Kambi ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021.

Waliobaki nje ya uamuzi wa 2014 wapo. Warundi wa 1972 zaidi ya 22,000, wale ambao hawakwenda kwenye makazi na wakajichanganya katika vijiji vya Kigoma, hawakuwemo kwenye hesabu ya makazi yale matatu. Ilibidi waandikishwe peke yao baadaye. Hao ndio waliokuwa wamefanya bila kuagizwa kile ambacho serikali iliwataka watu wa Ulyankulu wafanye.